Marudio Si Aibu: Usaili wa Chama Uwe wa Kila Mwaka

Wahenga walinena kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Methali hii tumeiandika katika insha zetu tangu shule ya msingi na walimu wakatutunuku maki. Lakini nimekuja kugundua kwamba hapa shuleni tunaiandika tu, hatuiamini. Mwanafunzi akishindwa mara moja katika usaili wa chama, jina lake huwa limekwisha chorwa kwa wino usiofutika. Akijaribu kurudi mwaka unaofuata, watu humcheka: "Aki wewe, kwani hukusikia? Si ulikataliwa?"

Ndugu msomaji, mimi nilikataliwa, nikarudi, nikachekwa, na leo naandika katika jarida la chama kile kile kilichonikataa. Sisemi haya ili nijigambe. Nataka kueleza kwa nini naona chama chetu, pamoja na vyama vingine vya hapa shuleni, vinapaswa kufungua mlango kila mwaka kwa wanafunzi wa madarasa yote, hasa wale waliokwisha kataliwa.

Nianzie mwanzo. Mwaka 2024 tulijiunga na kidato cha kwanza. Sisi ndio tuliofanya mtihani wa mwisho wa KCPE mwaka 2023. Wiki ya tatu tangazo likabandikwa ubaoni kwamba Chama cha Kiswahili kingesaili wanachama wapya saa kumi jioni katika maabara. Niliingia ndani nikiwakuta watano wamekaa nyuma ya meza ndefu, vidato vya tatu na nne watupu. Mwenyekiti akaniambia, "Jitambulishe, kisha utuambie kwa nini unakipenda Kiswahili."

Nikajibu kwa moyo wote: "Nimekipenda Kiswahili gutoka nikiwa mdogo, baba aliponiletea gitabu cha hadithi."

Basi! Sikumaliza sentensi ya pili. Mmoja aliangua kicheko, wengine wakamfuata, na yule wa pembeni akarudia, "Gitabu! Gitabu!" Kesho yake orodha ikabandikwa ubaoni. Majina ya waliokubaliwa yaliandikwa upande wa kulia na majina ya waliokataliwa upande wa kushoto. Langu lilikuwa kushoto. Mpaka mwisho wa muhula wa kwanza nilikuwa nikiitwa Gitabu hata na watu ambao hawakukijua kiti changu darasani.

Hapa niseme jambo ambalo wengi wetu hatulijui. Kusema "gitabu" si ujinga. Katika Ekegusii, sauti ya k hugeuka kuwa g inapofuatwa karibu na sauti kama t au k. Mwalimu wetu alitufundisha baadaye kwamba wataalamu wa lugha wanaiita Kanuni ya Dahl, na kwamba sisi Abagusii hatuko peke yetu. Wakikuyu wanayo pia, na ndiyo maana lugha yao wenyewe huiita Gĩkũyũ. Kumbe ulimi wangu ulikuwa ukifuata sheria, ila ni sheria ya lugha nyingine! Kosa la namna hiyo hurekebishwa kwa mazoezi, tena hakuna mahali pazuri pa kulifanyia mazoezi kuliko ndani ya Chama cha Kiswahili. Kwa hivyo chama kilinikataa kwa ugonjwa ambao chenyewe ndicho kilichokuwa na dawa yake.

Mwaka 2025 nilikuwa kidato cha pili. Kama mnavyokumbuka, mwaka huo hakukuwa na kidato cha kwanza popote nchini kwa sababu ya mabadiliko ya mtaala. Nilipomwuliza katibu kuhusu usaili alishangaa. "Usaili wa nani sasa? Wageni hakuna." Nikamwambia, "Sisi tuliobaki je?" Akanijibu kwa methali, "Asiyekubali kushindwa si mshindani." Nikanyamaza. Hata methali, jamani, inaweza kutumiwa kama komeo la mlango.

Muhula wa pili wanafunzi wa kidato cha nne waliacha shughuli za vyama ili wajiandae kwa KCSE. Nafasi kumi zikawa wazi. Mwalimu mlezi akaamuru usaili ufanywe. Tulijitokeza watu saba, na sote saba tulikuwa tumekataliwa mwaka uliotangulia. Siku hiyo ndipo tulipopewa jina la Marudio, kama vile vipindi vya runinga vinavyoonyeshwa mara ya pili wakati watu wamekwisha vitazama.

Nawaambia ukweli, kurudi mara ya pili ni kugumu kuliko kwenda mara ya kwanza. Mara ya kwanza hujui kitu, unaingia na ujasiri wa kutojua. Mara ya pili unaijua meza, unawajua waliokaa nyuma yake, na unajua kicheko kinaanzia kiti gani. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Jioni ya kuamkia usaili ule nilimwambia nyanya yangu, ambaye sisi humwita Magokoro, kwamba singeenda. Yeye huuza ndizi sokoni Keroka. Akaniuliza, "Mjukuu wangu, nikibeba ndizi sokoni zikakosa mnunuzi, kesho nisiende?" Nikamjibu kwamba ndizi ni ndizi. Akasema, "La. Ndizi za jana leo zimeiva zaidi."

Nikaenda. Kwa mwaka mzima nilikuwa nimesoma Taifa Leo kwa sauti, gazeti la jana ambalo mwuza magazeti mmoja aliniazima, nikilisoma njiani baada ya kuachana na wenzangu. Safari hii nilisema "kitabu" na "kutoka" bila kuteleza, na nikakubaliwa. Kati yetu saba walikubaliwa watano. Leo wawili kati ya hao ndio wanaoongoza kundi letu la kukariri mashairi. Kama usaili ule usingefanywa, vipaji hivyo vingeozea darasani.

Najua kuna watakaosema kwamba Marudio ni watu wasiokuwa na haya. Hao nawakumbusha timu yetu ya nyumbani, Shabana. Ilianzishwa mwaka 1980, ikavuma kote nchini, kisha mwaka 2006 ikateremshwa kutoka ligi kuu. Ilirudi mwaka 2023, baada ya miaka kama 17. Siku hizo Gusii Stadium ilifurika watu na barabara za Kisii zikajaa nyimbo za Tore Bobe. Je, kuna aliyesema, "Hii si ile timu ya marudio?" La hasha! Tulishangilia hasa kwa sababu ilikuwa imerudi. Mbona basi timu ikirudi tunaimba, na mwenzetu wa darasa akirudi tunamcheka?

Hata ng'ambo jambo hili lipo. Katika vyuo vikuu vya Marekani wanafunzi wa kike wana vyama vyao viitwavyo sororiti. Chama cha kwanza cha aina hiyo kwa wasichana weusi, Alpha Kappa Alpha, kilianzishwa mwaka 1908 katika Chuo Kikuu cha Howard mjini Washington. Kila chama kina utaratibu wake. Katika vyuo vingi, mwanzoni mwa mwaka wasichana huzunguka nyumba za vyama mbalimbali kwa siku kadhaa, wakizungumza na wenyeji, na mwishoni huambiwa nani ametakiwa na nani hakutakiwa. Wengi wanaojitokeza ni wa mwaka wa kwanza. Lakini wapo wa mwaka wa pili wanaozunguka upya baada ya kukosa, tena wakijua kwamba mara nyingi nafasi zao ni chache kuliko za wale wapya. Na Kamala Harris, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Marekani kuanzia mwaka 2021 hadi 2025, aliingia Alpha Kappa Alpha huko Howard mwaka 1986, mwaka ule ule aliohitimu masomo yake. Sisemi kwamba alikuwa amekataliwa kabla. Nasema tu kwamba mtu anaweza kuingia chamani akiwa karibu kutoka shuleni na bado chama kikajivunia jina lake.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma, ambalo ndilo hasa lililonifanya nishike kalamu. Januari mwaka huu wa 2026 tulipokea wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10. Usaili ukaitishwa, na safari hii mimi ndiye niliyekaa nyuma ya meza. Mara akaingia mwenzangu wa kidato cha tatu. Alikataliwa pamoja nami mwaka 2024, akakataliwa tena mwaka 2025, na hii ilikuwa mara yake ya tatu. Kabla hajafungua kinywa, kalamu yangu ilikuwa imekwisha andika tatu kwa kumi.

Mwalimu mlezi alikuwa amesimama nyuma yangu. Aliinama akaninong'oneza, "Mbona umempa maki na hajasema neno?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimempa maki za mwaka jana. Mimi, niliyeitwa Gitabu, niliyeitwa Marudio, nilikuwa nimemhukumu mwenzangu kwa sura yake tu kwa kuwa niliizoea! Nikaifuta ile tatu. Alipoanza kusema alieleza maana ya nyimbo za obokano alizozisikia kwa babu yake, akazifafanua kwa Kiswahili kizuri ajabu, na maabara yote ikatulia tuli. Nikampa nane. Alikubaliwa. Lakini usiku ule nilijiuliza: kama mwalimu asingesimama pale, je? Na wale walionicheka mimi mwaka 2024, huenda hawakuwa wabaya. Huenda walikuwa watu kama mimi tu, waliokwisha sahau upande wa pili wa meza ukoje.

Kwa hivyo nina mapendekezo manne. Kwanza, usaili ufanywe kila mwaka, uwe wazi kwa madarasa yote, hata kama hakuna wageni walioingia. Pili, wanaosaili wasiandike alama mpaka mtu amalize kusema, na wasiulize kama amewahi kuja kabla. Tatu, majina ya waliokataliwa yasibandikwe ubaoni. Kila mmoja aitwe kando aelezwe alipoteleza, ili ajue la kurekebisha. Mimi hakuna aliyeniambia habari za k na g. Nililitambua kwa kuchekwa. Nne, usaili ufanywe saa ya chakula cha mchana. Shule yetu ni ya kutwa, wengine tunatoka upande wa Kisii na wengine upande wa Nyamira, na sote tunajua mvua ya huku inavyopenda kunyesha jioni. Mwenye safari ya saa nzima kwa miguu hawezi kungoja zamu yake mpaka saa kumi na mbili.

Nasikia mtu akisema, "Lakini nafasi ni chache, na basi la kwenda kwenye tamasha la drama haliwezi kubeba shule nzima." Ni kweli. Sidai kwamba kila mtu apande jukwaani. Wa kwenda tamashani wachaguliwe kwa uwezo, na asiyeweza aambiwe. Lakini kuwa mwanachama si kuwa mwigizaji. Chama kinahitaji watunzi, wasomaji, wapiga chapa wa jarida hili, na hata wa kushona maleba. Mwingine atasema kwamba tukiwaruhusu watu kurudi rudi, usaili utakosa maana. Mimi naona kinyume chake. Anayerudi baada ya kuchekwa hadharani amekwisha faulu mtihani mmoja ambao sisi tulioingia kwa urahisi hatujaufanya.

Jandoni mtu huenda mara moja tu maishani, na rika lake halibadiliki. Lakini chama si jando. Mwanafunzi hukua, ulimi hulainika na woga hupungua. Yule tuliyemkataa mwaka jana si yule anayebisha hodi leo.

Tukumbuke pia kwamba sisi wa kidato cha tatu ndio wa mwisho. Mwaka 2027 tutafanya KCSE ya mwisho ya mfumo wa 8-4-4, na nyuma yetu hakuna kidato kingine. Tutakaowaachia chama hiki ni hawa ndugu zetu wa Gredi ya 10, na tayari baadhi yao tumewakataa mwaka huu. Wanapita uani wakituangalia. Kama hawatarudi mwakani, je, ni kwa kuwa hawawezi, au ni kwa kuwa tuliwafundisha kwamba kurudi ni aibu?

Kwa wewe wa Gredi ya 10 ambaye jina lako lilikuwa upande wa kushoto: rudi. Ukinikuta nyuma ya meza, nami nimeshika kalamu mapema, nikumbushe makala haya.

Haya ni maoni yangu. Kama nimemkwaza mwanachama yeyote, mkubwa au mdogo, aniwie radhi. Lakini ayafikirie.