Wenye babu Waingereza Migori na Homa Bay wanakimbizana na muda

MNAMO Mei 2011, Barack Obama, aliyekuwa Rais wa Marekani wakati huo, alizuru kijiji kidogo cha Moneygall nchini Ireland. Ni huko alikotoka mmoja wa mababu wa mama yake, Falmouth Kearney, aliyehamia Marekani mwaka 1850. Kilichothibitisha uhusiano huo si uvumi wala sura, bali daftari za kanisa zilizopekuliwa na kasisi wa eneo hilo. Kwa njia iyo hiyo, wataalamu wa nasaba wameufuata ukoo wa mama yake hadi Uingereza, vizazi vingi nyuma.

Kwa upande wa baba, mambo yalikuwa tofauti. Babu yake, Hussein Onyango Obama, alitoka Kanyadhiang karibu na Kendu Bay, katika Kaunti ya sasa ya Homa Bay, kabla ya kuhamia Kogelo, Siaya. Habari za mzee huyo zilihifadhiwa katika vinywa vya jamaa zake. Karatasi muhimu iliyobaki ilikuwa kijitabu cha mtumishi wa nyumbani kilichotolewa na serikali ya kikoloni, ambamo waajiri Wazungu waliandika maoni yao kuhusu kazi yake.

Tofauti hiyo ndiyo kiini cha suala ambalo limepata uzito mpya kwa familia za Migori na Homa Bay ambazo simulizi zao humtaja babu Mwingereza: bwana wa mgodi, afisa wa serikali au mfanyabiashara aliyepita, akaacha mtoto, kisha akarudi kwao. Swali lao si la udadisi tu. Linahusu jina, haki na, kwa baadhi yao, mlango wa kisheria ambao hautabaki wazi milele.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ukoo nao ni vivyo hivyo. Kwa Waluo, mtoto hujulikana kwa dala la babake: ndipo anapopata ardhi, ndipo anapojenga simba yake na ndipo anapozikwa. Mtoto ambaye babake hakujulikana alilelewa kwa wajomba au aliingia na mamake katika ndoa nyingine, na mara nyingi alikumbushwa asili yake siku ya kugawa shamba. Mjukuu anapotaka leo kumjua babu huyo, anatafuta pia jibu la swali ambalo mzazi wake alinyamazishwa asiliulize.

Uwepo wa Waingereza katika eneo hilo hauna shaka. Serikali ya kikoloni iliweka kituo Karungu, kando ya ziwa, kabla ya kuhamishia makao yake Kisii mwaka 1907. Katika miaka ya 1930, dhahabu iliwavuta Wazungu Nyanza, na mgodi wa Macalder, katika eneo la Nyatike, uliendelea kuchimbwa dhahabu na shaba hadi miaka ya 1960. Katika miaka ya 1950, Shirika la Maendeleo ya Makoloni la Uingereza lilikuwa na mkono katika mgodi huo. Shirika hilo bado lipo, na tangu 2022 linaitwa British International Investment.

Hata hivyo, si kila Mzungu aliyefika huko alikuwa Mwingereza. Arthur Carscallen, mmisionari wa Kiadventista aliyeanzisha kituo cha Gendia mwaka 1906, alikuwa Mkanada. Mapadri wa Mill Hill waliohudumu Nyanza walikuwa na makao yao makuu London, lakini wengi wao walikuwa Waholanzi, Waairishi na Waaustria. Kadhalika, jina la Kiingereza si ushahidi wa damu ya Kiingereza. Ubatizo uligawa majina hayo kwa maelfu ya watu, na wazazi wengine waliwapa watoto majina ya wageni waliowastahi.

Kikwazo cha kwanza kwa mtafutaji ni majina ya mahali. Anayepekua faili za kale akitafuta wilaya iitwayo Migori au Homa Bay atatoka mikono mitupu, kwani wilaya hizo hazikuwepo. Eneo lote liliitwa Kavirondo Kusini, baadaye Nyanza Kusini, na kwa miaka mingi lilitawaliwa kutoka Kisii. Kabla ya Aprili 1902, lilikuwa chini ya himaya ya Uganda, hivyo kumbukumbu za miaka hiyo ni za Uganda, si za Kenya.

Kikwazo cha pili ni majina ya watu. Afisa wa Kisii aliyechomwa mkuki na Otenyo mnamo Januari 1908 alijulikana kwa Wagusii kama Nyarigoti. Katika daftari za Uingereza hakuna mtu wa jina hilo. Yupo Geoffry Northcote, ambaye baadaye alikuwa Gavana wa Hong Kong kuanzia 1937. Familia iliyobaki na jina lililogeuzwa na ndimi za wenyeji inapaswa kulisema kwa sauti, kuorodhesha majina yanayokaribiana nalo, kisha kuyalinganisha na majina ya waliokuwa wakifanya kazi mahali hapo mwaka huo.

Orodha hizo zipo. Gazeti rasmi la serikali, lililoanza kuchapishwa mwaka 1899, lilitangaza uteuzi wa maafisa, leseni na mirathi ya marehemu. Hifadhi ya Kitaifa ya Nyaraka jijini Nairobi ina ripoti za kila mwaka za maafisa wa wilaya. Kule Kew, London, Hifadhi ya Taifa ya Uingereza ina orodha za abiria wa meli zilizotoka nchini humo kuanzia 1890 hadi 1960. Mara nyingi orodha hizo huonyesha jina la abiria, umri, kazi, anwani yake ya mwisho Uingereza na bandari aliyokuwa akielekea. Mhandisi aliyeshuka Mombasa akielekea migodini anaweza kupatikana humo.

Kutoka hapo njia huwa nyepesi, kwa sababu Waingereza wameandikana kwa muda mrefu. Makanisa yao yaliamriwa kuweka daftari za ubatizo, ndoa na mazishi mwaka 1538. Serikali ilianza kusajili vizazi na vifo nchini Uingereza na Wales mwaka 1837. Sensa ya 1921 ilifunguliwa kwa umma Januari 2022, ingawa ile ya 1931 iliteketea kwa moto. Ukijua jina la mtu, umri na mji aliotoka, cheti chake cha kuzaliwa kinaweza kuagizwa hata na mtu aliye Rongo au Mbita.

Ugumu hasa uko upande wa Kenya. Sheria ya kusajili vizazi ya 1928 iliwalenga kwanza Wazungu na Waasia, na usajili wa lazima ulienea kote nchini mwaka 1971 tu. Aidha, kifungu cha 12 cha sheria hiyo kilizuia jina la baba kuandikwa pale wazazi wasipokuwa wameoana, ila kwa ombi la wote wawili. Mahakama Kuu ilikitangaza kifungu hicho kuwa kinyume cha Katiba mwaka 2016. Kwa mtoto wa mwaka 1955, uamuzi huo ulichelewa miaka 61.

Ni hapa ambapo suala la muda linaingia. Kanuni za uhamiaji za Uingereza humruhusu raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola, Kenya ikiwemo, kuomba viza ya asili ikiwa babu au nyanya yake alizaliwa Uingereza. Mwombaji sharti awe ametimiza miaka 17 na awe na uwezo na nia ya kufanya kazi huko. Viza hiyo hudumu miaka mitano, na baadaye aliyepewa anaweza kuomba ukaazi wa kudumu. Kanuni hizo hazimnyimi mtu haki hiyo kwa sababu babu na nyanya yake hawakuoana. Zinachotaka ni uthibitisho: cheti cha babu, cha mzazi na cha mwombaji mwenyewe, kila kimoja kikishikamana na kingine.

Lakini haki hiyo hukomea kwa mjukuu. Kitukuu hana nafasi. Mtu aliyefanya kazi Macalder miaka ya 1950 akazaa mtoto huko, wajukuu wake leo ni watu wazima wenye watoto wao. Wakifa au wakizeeka kabla ya kupata uthibitisho, watoto wao hawataweza kuudai mlango huo kupitia kwake. Isitoshe, nyanya waliojua jina la mwanamume huyo, sura yake na mwaka aliondoka, wanazidi kutoweka.

Vipimo vya vinasaba vimeleta tumaini jingine. Mwaka 2025, Mahakama Kuu jijini London iliwatambua kisheria baba wa baadhi ya Wakenya waliozaliwa na wanajeshi Waingereza wanaofanya mazoezi karibu na Nanyuki. Baba hao walifikiwa kwa kulinganisha vinasaba vya watoto na vya watu waliojipima kwa hiari ili kujua koo zao. Mjukuu hurithi takribani robo ya vinasaba vyake kwa babu mmoja, kiasi kinachotosha kuonyesha binamu aliye Leeds au Toronto, ikiwa binamu huyo amepimwa.

Hata hivyo, vinasaba si mchezo. Kipimo kinaweza kufichua kwamba babu wa simulizi siye babu wa damu, au kikaivunja familia iliyokuwa ikiishi kwa amani. Jamaa wa ng'ambo nao wana haki ya kukataa undugu wa ghafla. Tena hakuna cheti cha Kew kitakachompa mtu shamba Nyatike. Aliyelelewa na wajomba na akazikiwa wazazi kwao, hapo ndipo kwao.

Kwa hivyo, kazi ya kwanza haianzii London wala maabara. Inaanzia kitini pa nyanya aliye hai: kumuuliza kwa heshima jina alilolisikia, kazi ya mtu huyo, mwaka wa njaa au wa vita alipokuwepo, na kuandika jibu siku hiyo hiyo pamoja na tarehe. Daftari za Waingereza zitakuwepo miaka 50 ijayo. Nyanya hatakuwepo.