USIZIME, MZIGO BADO UKO NJIANI

Hapa Tabora asali ipo na jua linachoma kama kawaida yake. Leo naomba tuyaweke pembeni mambo ya mapenzi na nyumba ndogo, tuzungumzie kitu kingine kinachogombanisha watu siku hizi: kompyuta inayojisasisha.

Unaijua hiyo, usijifanye mgeni. Una haraka zako, unawasha mashine, nayo inakuandikia kwa upole kabisa kwamba inashughulikia masasisho, imefika asilimia 3, usizime. Unakwenda kunywa chai. Unarudi, asilimia 3. Unaongeza andazi la pili, asilimia 4. Vijana wanasema "inaapdeti". Wazee wanasema imegoma. Ukitazama sana, wote wana haki.

Lakini kama kuna mji wenye haki ya kulisemea jambo hili, ni Tabora. Mji huu ulikua kwa kazi ya kusubiri mizigo kutoka pwani. Burton na Speke walianza safari pwani Juni 1857, wakaingia Kazeh, ndiyo Tabora hii hii, Novemba 7, 1857. Hesabu mwenyewe miezi hiyo. Mzigo mwingi ulikuja kichwani na mabegani kwa watu, na wabebaji waliosifika kuliko wote walikuwa watani zangu Wanyamwezi.

Na kama unadhani wewe ndiye wa kwanza kusubiri kifurushi, nenda Kwihara, nje kidogo ya mji, ukaone tembe alilokaa Livingstone. Stanley alimwacha hapo Machi 1872, akaenda pwani kumtafutia wapagazi. Mzee wa watu akakaa anahesabu siku hadi Agosti. Miezi mitano, jamani! Wewe asilimia 4 tu unataka kupiga ngumi kioo.

Siku hizi njia ni ileile, wabebaji ndio wamebadilika. Sehemu kubwa ya mawasiliano inaingia nchini kwa nyaya zilizolazwa chini ya bahari, zinatia nanga Dar es Salaam, halafu habari inasafirishwa bara kwa nyaya za nchi kavu mpaka inatufikia huku. Njia ikifungwa, wote tunakaa. Mwaka 1871 Mtemi Mirambo alipopigana na Waarabu wa Tabora, njia ya kwenda Ujiji ikafungika, Stanley akalazimika kuzunguka kusini. Mei 12, 2024 nyaya mbili, EASSy na SEACOM, zilikatika baharini upande wa Afrika Kusini, na mtandao ukayumba Tanzania, Kenya na kwa majirani. Safari hii hapakuwa na Mirambo wa kumlaumu.

Halafu kuna hongo. Mimi ni Mgogo wa Manyoni, na babu zangu walikuwa mabingwa wa hiyo. Msafara ukitaka kupita Ugogo, toa kwanza vitambaa na shanga. Watani zangu hawajatusamehe mpaka leo. Sasa hongo ndiyo bando. Unajiunga asubuhi kwa hela yako ya mboga, mashine inajipakulia masasisho kimyakimya, saa nne unaambiwa kifurushi kimekwisha. Hujafungua hata barua moja!

Kichekesho? Si kila siku. Juzijuzi nilikuwa kwenye steshenari moja hapa mjini. Akaingia mama mmoja na binti yake aliyemaliza kidato cha sita. Ilikuwa siku ya mwisho ya kuomba mkopo wa elimu ya juu. Dukani kompyuta mbili. Moja mbovu, ya pili ndiyo kwanza imeanza kujisasisha.

"Kaka, bado?" binti akauliza.

"Subiri kidogo mdogo wangu, iko asilimia 30."

Baada ya nusu saa mama akashindwa kuvumilia. "Mwanangu, hiyo mashine inapika maharage? Si uizime uiwashe tena!"

"Nikiizima, mama, inaweza isiwake kabisa."

Mama akanyamaza, akakaza kanga yake kiunoni. Pale hapakuwa na utani. Binti bila mkopo maana yake ni binti nyumbani, na binti nyumbani kila mtu anajua posa zinavyoanza kuletwa. Ilikwisha baada ya saa moja na ushee. Yule kijana hakufunga duka saa kumi na mbili kama kawaida yake. Alikaa nao mpaka fomu ikaondoka. Wapo watu bado.

Na alisema kweli kuhusu kuzima. Mashine kwanza inapakua mizigo, halafu inaifungua, kisha inatoa mafaili ya zamani na kuweka mapya. Mengine haiwezi kuyagusa wakati inayatumia, ndiyo maana inajizima na kujiwasha. Ukikata umeme katikati, unaweza kubaki na nusu ya zamani na nusu mpya, kama nyumba iliyoezuliwa bati kabla mapya hayajafika. Kama mashine yako ina diski ya kizamani ile inayozunguka, zoezi lote linakuwa la kinyonga. Nyingi tulizonazo ni za mtumba, za hivyo.

Sasa utaniambia, basi tuachane nayo, tuzuie masasisho yote. Hapana bwana! Machi 14, 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba tundu moja kwenye Windows. Wengi wakasema tutaweka kesho. Mei 12 mwaka huohuo virusi vilivyoitwa WannaCry vikaingilia tundu hilohilo, vikafunga mafaili ya watu katika nchi zaidi ya 150 na kudai fidia. Uingereza hospitali zikaahirisha matibabu ya wagonjwa. Kiraka kilikuwa tayari kwa karibu miezi miwili. Watu hawakutaka kusubiri asilimia.

Lakini sitaki kudanganya kwamba kila mzigo unaoletwa ni mzuri. Julai 19, 2024 kampuni ya usalama ya CrowdStrike ilisambaza sasisho bovu, kompyuta milioni 8.5 zikaganda, ndege zikabaki viwanjani. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema asubiri siku mbili tatu aone wenzake wamepatwa na nini, usimcheke. Siku tatu ni busara. Miezi mitatu ni uzembe.

Na lipo kubwa zaidi. Oktoba 14, 2025 Microsoft ilisitisha masasisho ya bure ya kawaida kwa Windows 10. Anayejiandikisha alipewa nyongeza ya viraka vya usalama hadi Oktoba 13, 2026. Windows 11 inadai vifaa ambavyo mashine nyingi za mtumba hazina. Kwa hiyo yule kijana wa steshenari, mashine yake bado inafanya kazi vizuri tu, ila msafara ndio hauji tena. Njia mojawapo ni kuhamia Linux, ambayo ni bure na mashine kuukuu zinaiweza. Lakini atahitaji mtu wa kumwonyesha, na muda wa kujifunza.

Kwa leo chukua haya. Kwenye mipangilio ya Windows, iambie mashine kwamba mtandao wako unalipiwa kwa kipimo, itaacha kupakua ovyo. Iambie saa zako za kazi, isijizime katikati ya shughuli. Ofisini kama mna mashine kadhaa kwenye mtandao mmoja, ziruhusu zipeane masasisho. Moja ibebe mzigo, nyingine zigawiwe. Kazi ya masasisho ifanyike usiku, umeme ukiwa wa uhakika. Na wewe mzazi, fomu ya mtoto isingoje siku ya mwisho, maana asilimia 30 haina huruma.

Watani zangu walibeba kilo thelathini kila mmoja toka Bagamoyo hadi hapa, na mizigo ikafika. Wako utafika tu. Usizime.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.