Mshika Mbili Tunampokonya Sisi

Wahenga walinena kuwa mshika mbili moja humponyoka. Wahenga watanisamehe, hapa mimi napinga!

Mjomba wangu ni fundi wa jua kali, huchomelea milango na madirisha. Jioni hushika gitaa akatunga nyimbo zake. Watu humwambia, "Wewe chagua moja!" Kwani Siti binti Saad wa Unguja hakuuza vyungu? Inasemekana sauti yake ilinolewa na kule kuvinadi. Mwaka wa 1928 akaenda kurekodi santuri huko Bombay. Mjomba naye, wimbo wake mtamu kushinda zote unamhusu mteja aliyechukua mlango kwa deni, kisha akahama usiku. Asingekuwa fundi angeutoa wapi?

Jumamosi moja aliuimba harusini. Kabla ya ubeti wa pili vijana wakapaza sauti, "Piga ile ya redio!" Basi akapiga ya redio. Njiani tukirudi hakusema neno. Mimi pia nilinyamaza, maana nilikuwa miongoni mwa waliopiga kelele.

Ndugu msomaji, hata huo wimbo wa redio siku moja ulikuwa mgeni, ila kuna watu waliotulia wakausikiliza. Kazi haimponyoshi fundi wimbo wake. Ni sisi tunaompokonya, halafu twasingizia methali. Siku nyingine akiimba wake, tumpe walau beti tatu ndipo tuhukumu. Asiyekubaliana nami na anijibu katika toleo lijalo!