Sheria ya tabianchi isibaki ndani ya ukumbi wa masomo

Mwaka 2024 maji ya Ziwa Tanganyika yalipanda mpaka yakaingia katika nyumba za watu huko Kalemie na Uvira. Siku moja nilikuwa Kalemie, kando ya ziwa, nikimsikiliza mama mmoja aliyekuwa akitoa sufuria na godoro katika nyumba yenye maji mpaka magotini. Nilimuuliza maswali yetu ya kila siku: amepoteza nini, watoto wamelala wapi, anaomba nini kwa serikali. Alijibu yote. Kiisha akaniuliza lake: « Mwanangu, wewe ulisoma. Kuna sheria yoyote inayosema neno juu yetu sisi watu tuliofukuzwa na maji? »

Sikuwa na jibu. Usiku nilimpigia simu kijana mmoja anayemaliza masomo ya sheria. Yeye alikuwa na jibu, tena refu: kifungu hiki, sheria ile, mkataba fulani, vyote kwa Kifaransa kizuri cha silabusi. Nikamwomba anirudilie kwa Kiswahili ili nimpelekee yule mama. Alinyamaza kidogo, akacheka, akasema: « Kwa Kiswahili, yaya, hatukufundishwa. »

Tangu siku hiyo jibu lake halijanitoka kichwani.

Sheria zipo, na si chache. Kifungu cha 53 cha Katiba yetu kinasema kila mtu ana haki ya kuishi katika mazingira safi na ana wajibu wa kuyatetea, na kwamba Serikali inachunga mazingira na afya ya wakaaji. Sheria ya tarehe 9 Julai 2011 juu ya ulinzi wa mazingira inampa mwananchi haki ya kupata habari na ya kushiriki katika maamuzi. Inadai pia kwamba madhara ya mradi mkubwa yachunguzwe kabla kazi haijaanza. Mwezi Machi 2023 sheria hiyo ilibadilishwa ili iguse mabadiliko ya tabianchi na soko la kaboni. Tangu Agosti 2014 kuna amri inayoruhusu jamii ya kijiji kuomba msitu wake wenyewe, hadi hekta 50.000. Na mkataba wa Paris, ambao nchi yetu iliuthibitisha Desemba 2017, una kifungu cha 12 kinachoomba mataifa yafundishe na kuelimisha watu juu ya tabianchi.

Sasa tujiulize: nani anajua hayo nje ya kitivo cha sheria?

Kifungu cha 62 cha Katiba kinasema hakuna mtu anayehesabiwa kuwa hajui sheria. Hicho tunakumbushwa kila siku, mahakamani na barabarani. Lakini Katiba hiyo hiyo, katika kifungu cha 142, inaagiza serikali isambaze kila sheria kwa Kifaransa na katika lugha zetu nne za taifa, yaani Kiswahili, Lingala, Kikongo na Tshiluba, ndani ya siku 60 tangu inapotangazwa rasmi. Hicho cha pili nani anatukumbusha? Zunguka Kalemie au Lubumbashi, ingia katika ofisi za mitaa, uombe sheria ya mazingira ya 2011 kwa Kiswahili. Uone kama utapewa zaidi ya kiti cha kungojea.

Wengine watasema haya ni mambo ya wasomi, kwamba watu wana njaa kwanza. Mimi naona kinyume, kwa sababu anayelipa bei ya kutojua ni huyo huyo mwenye njaa.

Tukumbuke Kalehe. Tarehe 4 Mei 2023 mito ilifurika huko Bushushu na Nyamukubi, Kivu Kusini, na watu zaidi ya 400 walikufa. Wengi wetu tulisema ni mapenzi ya Mungu. Kwamba mvua inatoka kwa Mungu, sikatai. Lakini nani anapaswa kuzuia watu wasijenge njiani mwa maji? Nani anapaswa kuwaonya mapema? Nani anapaswa kuwatafutia waliobaki makao mengine? Hayo ni maswali ya sheria. Watu wasiojua kama yana jibu huzika wafu wao, hupokea mifuko ya unga, na kurudi kujenga mahali pale pale.

Tuchukue pia kaboni. Kampuni inafika kijijini na karatasi za Kifaransa, inagawa kofia na fulana, chifu anatia sahihi. Baadaye wakaaji wanaambiwa wasikate tena miti mahali fulani, wala hawajui pesa inaingia wapi na kwa miaka mingapi. Mtu anayejua haki yake angeuliza mapema: uchunguzi wa madhara uko wapi? Sisi wenyewe tuliulizwa lini? Shule na zahanati mlizoahidi zimeandikwa katika ukurasa upi?

Na huku Lubumbashi, ambako misitu ya miombo inaisha kwa ajili ya makala tunayopikia, mama muuza makala anakutana na sheria siku moja tu: siku anaponyang'anywa gunia. Hakuna aliyemwambia kabla ya hapo kwamba sheria hiyo hiyo ina upande wa kumlinda. Namna gani ataipenda?

Ndiyo maana nasema mzigo huu unahusu vyuo vikuu. Katika nchi yetu tunarudia kwamba chuo kikuu kina kazi tatu: kufundisha, kutafiti na kutumikia jamii. Ya tatu inasikika siku ya hotuba ya kufungua mwaka, kiisha inasahauliwa. Somo la sheria ya mazingira linatolewa kwa haraka, wanafunzi wananunua silabusi, wanaimeza, wanaitapika siku ya mtihani, na habari inaishia hapo.

Wengine wameonyesha kwamba inawezekana kwenda mbali zaidi. Mwaka 2019, katika visiwa vya Vanuatu, huko bahari ya Pasifiki, wanafunzi 27 wa sheria wa Chuo Kikuu cha Pasifiki Kusini walijiuliza darasani: je, mahakama ya dunia haiwezi kusema mataifa yana wajibu gani juu ya tabianchi? Hawakungoja diploma. Waliandika barua kwa serikali za visiwa vyao, wakaenda kuongea na watu, na serikali ya Vanuatu ikakubali kulibeba swali. Tarehe 29 Machi 2023 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliipelekea Mahakama ya Kimataifa ya La Haye swali hilo. Tarehe 23 Julai 2025 mahakama hiyo ilitoa maoni yake kwa sauti moja ya majaji wote: mataifa yana wajibu wa kisheria wa kulinda tabianchi, na taifa linalovunja wajibu huo linaweza kudaiwa malipo. Maoni hayo hayana nguvu ya hukumu, lakini yatatajwa katika kesi nyingi. Yote yalianzia katika swali la wanafunzi.

Sisi tuna msitu mkubwa kuliko visiwa vyote hivyo, na wanafunzi wengi zaidi. Kinachokosekana ni daraja kati ya darasa na mtaa.

Profesa mmoja niliyemweleza wazo hili aliniambia Kiswahili hakina maneno ya kutosha kwa sheria ya tabianchi. Namheshimu sana, lakini hapo sikubaliani naye. Mwambie mkulima hivi: miti inameza moshi wa viwanda, na kampuni ya mbali inataka kulipa ili miti yenu iendelee kuumeza. Ameelewa, tena ataanza kuuliza bei. Neno likikosekana tunaliazima au tunaeleza, kama tulivyofanya kwa simu na kwa benki. Sababu nyingine ina uzito zaidi: walimu wa vyuo wanalipwa vibaya, na migomo yao tunaijua. Siwaombi wabebe nchi mgongoni. Naomba mambo ambayo gharama yake ni ndogo.

Kwanza, kila mwanafunzi wa sheria ya mazingira atoe, kabla ya kumaliza, somo moja la saa moja kwa wakaaji, kwa lugha ya taifa wanayoongea, sokoni, kanisani, msikitini au kwenye redio ya mahali. Kazi hiyo ihesabiwe katika pointi zake. Pili, kila kazi ya mwisho wa masomo juu ya mazingira iwe na kurasa mbili za muhtasari kwa Kiswahili, na nakala moja iende katika ofisi ya mtaa inayohusika. Tatu, vitivo vifungue, hata siku moja kwa juma, meza ya kutoa shauri la bure ambako mtu aliyefukuzwa na maji au anayedaiwa sahihi ya mkataba wa kaboni anaweza kuleta karatasi zake zisomwe.

Serikali nayo itimize kifungu cha 142. Watafsiri wapo, wako katika vyuo hivyo hivyo.

Na sisi waandishi wa habari tusijifiche nyuma ya wengine. Nilisoma miaka mingi chuoni, nikafundishwa namna ya kuandika kichwa cha habari, na sikumbuki saa moja ya sheria ya mazingira. Mafuriko yanapokuja tunahesabu wafu na nyumba, tunanakili tangazo la gavana, tunahamia habari nyingine. Swali la yule mama halionekani katika habari niliyoandika siku ile. Nililiacha nje kwa sababu sikujua nilifanyie nini.

Nalijibu leo, nikiwa nimechelewa. Ndiyo, mama, sheria ipo. Inasema una haki ya kuishi mahali pasipo hatari kwa afya yako. Una haki ya kuuliza ofisi ya serikali inajua nini juu ya maji yale, na ya kusikilizwa kabla hawajaamua mtahamishiwa wapi. Unaweza kuuliza hayo wewe na majirani zako pamoja, kwa maandishi, na kubaki na nakala yenye muhuri. Na yule kijana wa sheria, aliyekwama kwenye simu, anapaswa kuja kuwasaidia kuiandika barua hiyo.