SHAMBA NA NYUMBA: Mbegu za Okidi Ndani ya Chupa

Mama mmoja wa nyanda za juu za kusini ameniandikia hivi: “Zamani tulichimba viazi vya chikanda nyuma ya nyumba. Leo watoto wangu hutembea tangu alfajiri, nao hurudi na nusu kikapu. Nimesikia kwamba Wazungu huotesha maua haya ndani ya chupa. Je, nami naweza, nipate ada ya shule?”

Mama, nakushukuru kwa barua yako. Wasomaji wa mbali, nawaeleza kwanza. Chikanda ni viazi vidogo vya okidi za majanini. Huko Zambia huvitwanga, wakachanganya na unga wa karanga, chumvi, pilipili na magadi, wakapika mpaka kitu kikashikamana, kisha hukikata vipande kama mkate. Ni chakula kipendwacho sana, na biashara yake imevuka mpaka mpaka kwetu. Utafiti uliotolewa mwaka 2003 ulikadiria kwamba viazi zaidi ya milioni 2 vilikuwa vikitoka Tanzania kwenda Zambia kila mwaka. Kitulo, mahali ambapo wenyeji hupaita Bustani ya Mungu, palifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na huko kuchimba ni marufuku. Lakini okidi hukua pia nje ya hifadhi, nako majembe hayajapumzika.

Sasa tuje kwenye mbegu. Chukua punje ya hindi uipasue. Ndani utaona kiini kidogo, na kando yake unga mwingi. Unga ule ni masurufu ya safari: mche hula humo mpaka upate majani yake. Mbegu ya okidi haina masurufu. Ni vumbi tupu, hupeperushwa na upepo. Tunda moja lina maelfu ya mbegu, na la okidi nyingine lina hata zaidi ya milioni 1. Walakini karibu zote hufa, maana mbegu hiyo sharti iangukie mahali penye kuvu wa namna fulani. Kuvu huyo huingia ndani yake, naye huipatia chakula. Jambo hili liligunduliwa na Mfaransa Noël Bernard mwaka 1899.

Kisha alitokea Lewis Knudson, mwalimu wa chuo kikuu cha Cornell huko Marekani. Yeye alijiuliza: ikiwa kazi ya kuvu ni kulisha, je, mbegu nikiipa sukari mwenyewe? Akajaribu, na mwaka 1922 akatangaza kwamba mbegu zimeota bila kuvu, juu ya utelezi wenye sukari na chumvichumvi za mbolea. Tangu hapo okidi nyingi zinazouzwa madukani zimeanzia chupani.

Lakini angalieni taabu yake. Sukari inayolisha mbegu hulisha pia kila kuvu wa hewani, na kuvu hukua kwa siku 3, hali mbegu yataka majuma au miezi. Ndiyo sababu kazi yote ni usafi. Mimi mwenyewe nilijaribu kwa tunda la okidi ya chui, ile ya njano yenye madoa ya kahawia iotayo juu ya miti, niliyoipanda mtungini nyumbani. Nilitengeneza chupa 8. Siku ya 5 chupa 6 zilikuwa na manyoya meupe na meusi kama ugali uliosahauliwa. Kosa lilikuwa langu: niliacha dirisha wazi, tena nilikohoa juu ya chupa.

Mara ya pili nilifanya hivi. Katika lita 1 ya maji nilitia sukari gramu 20, mbolea ya maji ya mimea kiasi cha gramu 1, na agari gramu 8. Agari ni unga utokanao na mwani, nao hugandisha maji kama uji uliopoa. Nilichemsha, nikamimina katika chupa za mdomo mpana kimo cha vidole viwili, nikafunika bila kukaza. Nilizitia katika sufuria ya presha, nikahesabu dakika 20 tangu presha ilipojaa. Kuchemsha kwa sufuria ya kawaida hakutoshi, maana viko vijidudu ambavyo maji yachemkayo hayaviui. Kisu na koleo nilivifunga katika karatasi, vikapikwa pamoja na chupa.

Nilichukua sanduku la plastiki liangazalo, nikatoboa matundu mawili ya kuingiza mikono, nikalipangusa ndani kwa maji ya klorini ya kufulia. Tunda nililichuma likiwa bado bichi, halijapasuka, kwa sababu ndani ya tunda zima hamna kijidudu. Nililisugua kwa sabuni, nikaliloweka nusu saa katika klorini sehemu 1 na maji sehemu 9. Humo sandukuni nikalipasua, nikanyunyiza vumbi la mbegu chupani, nikakaza kifuniko upesi. Wengine hutumia spiriti na moto. Nawasihi msifanye hivyo sandukuni: mvuke wa spiriti hulipuka, na mikono yenu imo ndani.

Safari hii chupa 5 kati ya 8 zilibaki safi. Niliziweka penye mwanga pasipo jua kali. Baada ya majuma kadhaa vumbi lilivimba, likawa shanga ndogo za kijani. Baadaye likaja jani, kisha mzizi. Zikisongamana sharti zihamishwe katika chupa nyingine, kwa usafi uleule. Na hapo wengi huongeza ndizi mbivu iliyopondwa katika uji wa agari. Baada ya mwaka hivi miche hutolewa, huoshwa utelezi wote, hupandwa katika vipande vya maganda ya mti na makaa. Ifunikeni kwa plastiki, mkiifunua kidogo kidogo kwa majuma machache, kwa sababu jani lililokulia chupani halijapata kujua upepo mkavu. Ua la kwanza lataka miaka mingine kadhaa.

Basi mama, nakujibu swali lako bila kukuficha. Okidi ya juu ya mti yaweza kuoteshwa hivi na mtu mwenye subira. Okidi za chikanda ni ngumu zaidi. Nyingi hukataa sukari peke yake, zikamtaka kuvu wao. Wataalamu huziotesha kwa shida. Usitoe fedha ya ada kununua agari ukidhani utavuna viazi mwakani. Hutavivuna.

Kuna jambo la kutazama shambani kwako. Ukichimba mmea wa chikanda huona viazi viwili: kimoja kimenywea, cha mwaka huu, na kimoja kigumu, cha mwaka ujao. Mnunuzi hutaka kile kigumu. Ukikitoa, hukumpunguzia mmea chakula tu, umeuondoa. Na ukiuchimba ungali na maua, umeondoa pia maelfu ya mbegu zake. Tena okidi zote zimo katika mkataba wa kimataifa wa CITES, hivyo kuzivusha mpaka kwataka kibali. Asiye nacho aweza kupoteza gunia lote njiani.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Ongea na jirani zako mchague kipande cha majani kisichochimbwa, matunda yakauke juu ya shina na kupasuka yenyewe. Udongo ule tayari una kuvu ambaye sisi chupani hatuna. Miaka itapita kabla hamjaona faida, nami sikuahidi kwamba utakuwa kama zamani. Kwa ada ya mwaka huu, tegemea viazi mviringo na pareto. Na ikiwa mwanao mmoja apenda kazi ya vidole, mpe chupa 4 na tunda bichi la okidi ya mtini. Zikiota kuvu, mwambie hata zangu ziliota.

Juma lijalo tutazungumza habari za kuchagua mbegu za viazi mviringo.