Kuhasi Mbwa Dume: Je, Kunamfanya Mvivu?

Huenda mtashangaa kuona ukurasa wa afya ukizungumzia mbwa. Lakini aliyeumwa na mbwa huletwa kwetu sisi wauguzi, na mara nyingi mbwa anayezurura ndiye anayeuma au kuumwa na wenzake. Ndiyo maana suala la kuhasi mbwa dume linatuhusu.

Hapa Rujewa, na Usangu yote, mbwa si pambo. Analinda nyumba, anafuatana na vijana machungani, anafukuza nyani na nguruwe pori mashambani. Baba mwenye nyumba akishauriwa kumhasi mbwa wake, mara nyingi hukataa: atanenepa, atalala mchana kutwa, na wezi watampita. Sisi hatukubaliani na jibu hilo, na sababu zetu ni hizi.

Kwanza, tutazame maksai. Hakuna mkulima anayesema kwamba maksai hana nguvu. Ndiye anayevuta plau na mkokoteni. Tunamhasi ili atulie kazini, si ili aache kazi. Mbona tunakubali hivyo kwa ng'ombe na kukataa kwa mbwa?

Pili, tujue kuhasi kunaondoa nini. Kokwa hutengeneza homoni ya kiume, na homoni hiyo ndiyo inayomsukuma dume kutafuta majike na kupigana na madume wenzake. Kunusa, kusikia na yale aliyofundishwa havitoki kwenye kokwa. Utafiti uliotolewa Marekani mwaka 1976 ulionyesha kuwa kuzurura kulipungua kwa takriban mbwa 9 kati ya 10 waliohasiwa, lakini tabia ya kulinda eneo lao haikubadilika. Mbwa wanaoongoza vipofu huko Marekani na Ulaya, ambao kazi yao inadai akili na utulivu mwingi, kwa kawaida huhasiwa. Na yule dume mzima anayefuata jike usiku kucha hadi kijiji cha pili, nyumbani kwako analinda nini?

Hata hivyo, wanaosita wana hoja ambazo hatupaswi kuzidharau. Mbwa aliyehasiwa hunenepa kwa urahisi, kwa hiyo apunguziwe ugali na aendelee kutembea na mifugo. Tena asihasiwe akiwa mdogo mno. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walieleza kwamba mbwa wa aina ya golden retriever waliohasiwa kabla ya kutimiza mwaka mmoja walipata zaidi maradhi ya viungo. Mbwa wa kazi hutegemea miguu yake; ni busara kumsubiri akomae mifupa. Tusitegemee pia kwamba mbwa anayeuma kwa sababu ya hofu, au kwa kupigwa na kufungwa siku zote, ataponywa na kisu.

Jambo moja tunalikataa kabisa, nalo ni kumfunga mbwa kamba na kumkata bila dawa ya usingizi. Ni ukatili, huleta usaha na hata kifo, na anayemshika anaweza kuumwa vibaya. Kazi hii ni ya daktari wa mifugo.

Mwisho, na hili ni kubwa kuliko yote, kuhasi si chanjo. Mbwa aliyehasiwa anaweza kupata kichaa cha mbwa kama mwingine yeyote. Ugonjwa huu, dalili zikishaonekana kwa binadamu, karibu kila mara huishia kifo. Kwa hiyo kila mbwa, dume kwa jike, achanjwe na chanjo irudiwe kama mtaalamu wa mifugo anavyoelekeza. Mtu akiumwa, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha aende kituo cha tiba siku hiyohiyo, hata kama kidonda ni kidogo. Asipoteze muda kwa dawa za kienyeji.

Mzazi mwenye mbwa wa kazi, usiogope kumhasi kwa wakati wake na kwa mikono ya mtaalamu. Utakuwa na mlinzi anayelala kwako, na watoto wa jirani watapita njiani kwa amani.