Gesi ya juujuu na mkopo wa mfanyabiashara wa Lusewa

Mfanyabiashara wa Lusewa, mkoani Ruvuma, akisikia kwamba mtambo wa kuchoronga visima vya gesi unakuja Mtwara, hushawishika kukopa, kujaza mchele kwenye lori na kuiwahi barabara ya Tunduru. Kabla hajatia saini, aulize jambo moja: sakafu ya bahari imeshapimwa?

Gesi inayotafutwa iko chini sana. Lakini juu yake, pengine mita mia kadhaa tu chini ya sakafu, huweza kujificha vifuko vya gesi. Kisima kikivigusa mapema, vali kubwa za kuzuia mlipuko huwa bado hazijafungwa, maana udongo wa juu ni laini na hauhimili shinikizo la kisima kilichozibwa. Tope la kuchorongea likiwa jepesi, gesi inapanda. Likizidi uzito, linapasua udongo na kupotelea humo. Oktoba 6, 1985 gesi ya namna hiyo iliukumba mtambo wa West Vanguard katika bahari ya Norway na mtu mmoja akafa.

Kinga inajulikana. Mawimbi ya sauti hutumika kuchora ramani ya vifuko, na kisima huhamishwa pembeni. Pakiwa na shaka, huchorongwa kwanza tundu jembamba, ambalo gesi yake ni rahisi kuituliza. Mnunuzi wa mahindi anaielewa kazi hiyo: ni bambo. Gunia halifumuliwi lote ili kujua kama ndani kuna uozo.

Kwenye kina kirefu, kama pale kisima cha Pweza-1 kilipochorongwa mwaka 2010, maji husaidia kuitawanya gesi kabla haijafika melini. Kwenye maji mafupi, kama ya kuzunguka Songo Songo, nafasi hiyo ni finyu.

Upimaji unakula siku, na siku za mtambo ni ghali. Wapo watakaouita uzembe. Hawana hoja: kisima kilicholipuka hakinunui mchele wa mtu. Linalofaa kudaiwa ni ratiba. PURA, mdhibiti wa mkondo wa juu wa petroli, ingetangaza siku za upimaji mbali na siku za kuchoronga, ili mwenye mkopo ajue riba itamla kwa muda gani.

Kwa sasa, mchele mwingi uuzwe Songea kwa fedha taslimu. Wa Mtwara uende kwa oda iliyoandikwa, yenye malipo ya awali.